Mtungi Mzito Usio na Pweza

"Utoe nje."

"Punguza sauti, Munjia. Wageni watasikia."

"Na wasikie! Umeniingizia nini jikoni, Hedi? Miaka kumi na tisa nimekaa nyumba hii, sijaona mtungi wa baharini ukivuka kizingiti kabla haujalala uani kifudifudi usiku mzima."

"Ni mtungi tu, mke wangu."

"Ni mtungi tu? Haya, uinue. Uinue kwa mkono mmoja nikuone."

Hedi hakuuinua. Alisimama katikati ya jiko akijipangusa mikono kwenye suruali, ingawa mikono ilikuwa imekauka zamani. Binti yao mkubwa, Dorsaf, alikuwa anakaanga samaki na amewapa mgongo. Wazazi wakigombana kwa kunong'ona si vizuri kugeuka, kwa hiyo aliutazama ule mtungi kwa pembe ya jicho.

Ulikuwa umewekwa karibu na gunia la unga. Mtungi wa udongo kama mingine mia nne ya baba yake, shingo ya kupitisha ngumi, tumbo la duara, kina chake hakizidi urefu wa mkono kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Ulitolewa baharini saa tatu asubuhi. Sasa ilikuwa saa saba, jua la Julai, na ile mingine iliyorundikwa uani ilikuwa imekauka mpaka imepiga weupe wa chumvi. Huu bado ulikuwa unachuruzika. Tena sakafu ya jiko lao imeinamia mlangoni, maji yote ya kudekia hukimbilia huko, lakini maji ya mtungi yalikuwa yanapanda. Mchirizi mwembamba ulikuwa umeshapita mguu wa meza, unaelekea chumba cha ndani.

"Ulikuja mzito?" Munjia aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa.

"Ulikuja mzito."

"Na ndani?"

"Hamna kitu."

Kisiwani kwao pweza hategwi kwa chambo. Anashushiwa mtungi mtupu, naye anaingia mwenyewe, kwa sababu amepata nyumba. Ukivuta kamba na mtungi ukaja mwepesi, hujapata. Ukija mzito, umepata. Lakini ukija mzito na ndani hamna kitu, mvuvi hachungulii mara ya pili. Anasema "samahani, wenyewe," anaushusha pale pale alipoutoa, taratibu, kama mtu anayemrudisha kitandani mtoto aliyelala. Hedi alilijua hilo tangu akiwa na miaka saba.

"Yule bwana mgeni alikuwa ananipiga video," alisema. "Nilipotaka kuurudisha akaniuliza, mbona unautupa? Ningemjibu nini? Nimwambie naogopa mtungi? Na mkewe anasema ni mzuri, anauomba. Nikaona aibu."

"Aibu," Munjia alisema. "Umemwonea aibu mtu wa siku moja. Urudishe sasa hivi."

"Maji yamekupwa. Mashua imelala kwenye tope. Mpaka magharibi ipite ndiyo ielee."

Watu wa siku moja ndio waliokuwa wanailisha nyumba ile wakati wa kiangazi. Wanakuja na feri ya asubuhi kutoka mji wa Sfax, wanapelekwa baharini kuona mitungi ikivutwa, wanakula, wanalala mchana, jioni wanaondoka. Wanapenda kila kitu. Wanapiga picha milango ya bluu, wanapiga picha paka, wanapiga picha nguo za ndani za jirani zikiwa kwenye kamba. Dorsaf aliacha shule mwaka juzi ili amsaidie mama yake kuwahudumia.

Siku hiyo walikuwa watatu, watu wa Tunis. Bwana Anis, mkewe Bi Rim, na binti yao Lina wa miaka minne. Baada ya kula kuskusi ya pweza, Bi Rim hakukaa kusubiri kama wengine. Alikusanya sahani mwenyewe akaingia nazo jikoni.

"Jamani, mgeni haoshi vyombo," Munjia alimwambia, akisogea ili asimame mbele ya mtungi.

"Mgeni aliyekula sahani mbili anaosha," Bi Rim alijibu, akakunja mikono ya blauzi. Alikuwa mwalimu. Alimuuliza Dorsaf alifika darasa gani, na alipojibiwa hakumwonea huruma ya mdomoni, alimuuliza tu alikuwa anapenda somo lipi. "Nipe anwani yenu. Nitakutumia vitabu. Lakini na wewe uniandikie umeviona vipi, sitaki vikae kabatini kama mapambo." Halafu akanyoosha shingo. "Aa, ule mtungi wangu huo hapo!"

"Huo umepasuka," Munjia alisema haraka. "Nitakuchagulia mwingine."

"Haujapasuka, nimeushika mwenyewe mashuani."

"Umepasuka, mwanangu. Nenda kapumzike, jua kali hili."

Bi Rim alicheka, akaenda. Hapo ndipo Dorsaf alipogeuka na kumwona mdogo wake.

Baya alikuwa na miaka sita. Alikuwa amepiga magoti kando ya gunia la unga, shavu lake limegusa mdomo wa mtungi, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeingia ndani. Ulikuwa umeingia mpaka begani. Dorsaf aliutazama mtungi, akaulinganisha kwa macho na mkono wa mtoto, akautazama tena. Mtungi haukuwa na kina cha kuumeza mkono ule wote.

"Baya. Unafanya nini?"

"Ananihesabu vidole," Baya alisema, akacheka. "Anakosea. Anasema ni vingi."

Munjia alimnyakua. Mkono ulitoka kwa sauti ya kunyonya, kama mtu anayefyonza uboho kwenye mfupa. Kuanzia begani mpaka vidoleni ngozi ilikuwa na alama za duara, ndogo ndogo, nyekundu, zimepangwa kwa mistari.

"Unauma?"

"Hauumi. Mama, naona usingizi."

*

Saa ya jua kali kijiji kizima hujifungia. Mbao za madirisha zinafungwa, mbwa wanaingia chini ya mashua, na hakuna mama anayemruhusu mtoto nje mpaka alasiri iadhiniwe. Wageni walilala chumba cha mbele. Hedi alilala barazani, au alijifanya amelala. Munjia aliufunika mtungi kwa sinia, akaweka jiwe la kusagia juu ya sinia, akakaa jikoni akiutazama huku anasoma Ayatul-Kursiy. Dorsaf alilala na Baya chumba cha ndani, kichwa cha mdogo wake kikiwa juu ya mkono wake.

Hakukusudia kusinzia.

Aliamshwa na harufu. Harufu ya tope la chini, lile linalokuja na nanga, na ndani yake utamu mzito kama wa tende zilizooza. Chumba kilikuwa na giza la mchana, mistari myembamba ya jua ikipita kwenye mbao za dirisha. Mkono wake ulikuwa umekufa ganzi, na juu yake bado kulikuwa na uzito wa kichwa. Alinyoosha mkono mwingine ili ampapase Baya nywele, na mkono ukagusa mto mtupu, uliolowa, na ule uzito aliokuwa anausikia juu ya mkono wake ukateleza polepole kuelekea kwenye kiwiko, kisha kwenye kifundo, kisha ukaondoka.

Aliketi. Akasikia matone, toni, toni, halafu pumzi, pumzi ndefu zisizo na haraka, na hazikutoka kitandani wala mlangoni bali nyuma ya sanduku la mablanketi, pale kwenye uwazi kati ya sanduku na ukuta ambapo mama yake husimamisha ufagio kwa sababu hapatoshi kitu kingine, na alipotambaa na kuinama na kuchungulia akauona ufagio umesukumwa pembeni, na nyuma ya ufagio, katika nafasi isiyozidi upana wa viganja viwili, akamwona Baya amekunjwa, magoti yamepita masikio, mikono imezunguka shingo na kurudi tena mbele kama kamba iliyokosa mfupa, na macho yako wazi, hayapepesi, yanamtazama.

"Nyumba hii ina joto," Baya alisema. Sauti ilikuwa ya Baya, lakini kila neno lilikuja peke yake, kama mtu anayejaribu viatu vya mwenzake. "Naipenda. Mdogo wako ni nyumba nzuri."

*

Walimtoa kwa kusogeza sanduku. Hakupigana. Alikuwa mlegevu mikononi mwa baba yake kama nguo iliyotoka majini, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya kijivu.

"Mpigie Hajji Mabruk," Hedi alinong'ona. "Upesi, wageni wasiamke."

"Hata sasa unawaogopa wageni?" Munjia alimjibu, lakini naye alinong'ona.

Hajji Mabruk ndiye aliyekuwa akiwasomea watu kijijini, mpaka binti yake alipomhamishia Sfax kwa ajili ya matibabu ya macho. Simu iliita muda mrefu. Ilipopokelewa, televisheni ilikuwa inapiga kelele nyuma yake.

"Nani? Munjia wa Hedi? Sema kwa nguvu, binti, huku kuna mpira."

"Siwezi kusema kwa nguvu, Hajji."

Dorsaf alikuwa ameshika simu katikati ili wote wasikie. Munjia alieleza yote, mtungi, uzito, mkono, sanduku. Televisheni ilizimwa.

"Hedi yupo hapo?"

"Nipo, Hajji."

"Pumbavu. Mtu mzima mwenye mvi." Akavuta pumzi. "Haya. Nyinyi pweza mnamtoaje kwenye mtungi? Mnamvuta?"

"Hapana. Ukivuta anakatika, wala hatoki."

"Mnafanyaje?"

"Tunamwagia maji ya chumvi nyingi. Anatoka mwenyewe."

"Basi. Huyo naye ni hivyo hivyo, hafukuzwi, anahamishwa. Mlazeni mtoto, mdomo wake uelekee mdomo wa mtungi, msome, mtieni chumvi chini ya ulimi. Atarudi mtungini. Lakini nisikilizeni. Akirudi mtungini bado ameshaonja nyumba bora. Mtoto akilala tu, anarudi kwake. Kwa hiyo asilale, hata kope zisigusane, mpaka mtungi ushushwe pale pale ulipotolewa. Maji yanajaa saa ngapi?"

"Mpaka baada ya magharibi."

"Basi mpaka baada ya magharibi asilale. Na jambo jingine. Mtu yeyote asije akauomba huo mtungi mkampa. Mtu akiuomba kwa mdomo wake akapewa, kilichomo kinamfuata yeye na kuwaacha nyinyi. Hiyo ni dhambi yenye jina. Mmenisikia?"

"Tumesikia," Hedi alisema.

Dorsaf alimtazama mama yake. Munjia hakuwa amejibu.

Walifanya walivyoambiwa, chini ya meza ya jikoni, wakisoma kwa sauti ambayo haikufika hata dirishani. Dorsaf ndiye aliyetia chumvi. Mwanzoni hapakuwa na kitu, kisha tumbo la Baya likaanza kutembea, kitu kikavimba chini ya mbavu, kikapanda kifuani, kikajaza shingo mpaka shingo ikawa pana kama kichwa, na mtoto akafumbua mdomo kupita ambavyo mdomo wa mtoto unaweza kufumbuka, na hakikuonekana kitu, hakuna rangi wala umbo, ila hewa kati ya mdomo na mtungi ilipinda kama inavyopinda juu ya moto, na mtungi ukajikokota wenyewe shubiri moja sakafuni, ukatulia.

Baya alikohoa. Akalia. Kilikuwa kilio chake mwenyewe, cha kudeka.

"Nakwenda bandarini," Hedi alisema akiwa ameshasimama. "Kule maji ni marefu. Nitaazima mashua kwa yeyote, nije nayo mpaka ukingo wa tope. Asilale, Munjia. Mmwagie maji, mpige, lakini asilale."

Akatoka mbio bila kofia. Simu yake aliiacha mezani.

*

Kumzuia mtoto wa miaka sita asilale si kazi ndogo siku yoyote. Baya alikuwa kama mtu aliyeogelea siku mbili. Walimtembeza jikoni. Walimwimbia. Dorsaf alimfinya, akamwosha uso kwa maji ya kisima, akamtekenya, akamuuliza majina ya paka wote wa mtaani.

"Yule mweusi?"

"Waziri."

"Na mwenye jicho moja?"

"Mama Waziri." Kichwa kilianguka kifuani. Papo hapo kitu kiligonga ndani ya mtungi, taratibu, kama kidole kinachobisha hodi.

"Baya!"

"Sijalala! Msinifinye tena, naumia..."

Alasiri iliadhiniwa. Saa kumi ikapita. Hedi hakuonekana. Kila mara kope za Baya zilipokaribiana mtungi uligonga, na kila mara sauti ilikuwa na furaha zaidi, na Munjia, ambaye tangu mchana hakuwa amelia, alianza kulia.

"Bado saa tatu nzima," alinong'ona. "Dorsaf, hataweza. Mtazame. Hataweza."

"Baba atakuja."

"Na asipokuja? Wakimnyima mashua?"

Mlango wa chumba cha mbele ulifunguliwa. Bwana Anis alitoka akijinyoosha, akafuatiwa na mkewe, mtoto wao akiwa amemshika sketi.

"Usingizi gani huu!" Bwana Anis alisema. "Nimelala kama nimekufa. Mnauza hewa hii? Nifungashieni kilo mbili."

"Tusikose feri, wewe mwenye utani," Bi Rim alimwambia. Aliingia jikoni kuaga, akasimama alipoona uso wa Munjia na nywele za mtoto zilizolowa. "Kuna nini? Mtoto anaumwa?"

"Homa kidogo," Munjia alisema. "Jua limempiga."

"Maskini. Tumpeleke zahanati? Gari lipo nje."

"Hapana. Imeshaanza kushuka."

Bi Rim aliweka kiganja kwenye paji la uso la Baya, akakiacha pale muda, kama mtu anayejua watoto. Kisha akatoa kwenye mkoba karatasi yenye anwani yake, akampa Dorsaf. "Usiipoteze. Nitaanza na vitabu vitatu." Alikuwa ameshageuka kuondoka. Ndipo akauona tena, pale sakafuni, ukichuruzika.

"Mama Dorsaf, nitakusumbua mara ya mwisho. Nipe huo mtungi. Hata kama umepasuka, mimi nitapanda maua. Naomba."

Baya alikuwa mapajani mwa mama yake, na kope zake zilikuwa zinashuka, polepole sana. Ndani ya mtungi hapakugongwa kitu. Kilichomo kilikuwa kinasikiliza.

"Mama," Dorsaf alisema.

Munjia alimshika kifundo cha mkono. Kucha ziliingia kwenye ngozi.

"Mama, Hajji alisema..."

"Uchukue," Munjia alimwambia mgeni. "Uchukue, ni wako."

Bi Rim alipiga kofi moja la furaha. Bwana Anis aliinama kuubeba, akaguna. "Ehe! Mmeniwekea nanga humu?" Aliukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Lina alikimbia kando yake, anarukaruka ili afike mdomo wa mtungi. "Baba, nitaushika mimi garini. Mapajani kwangu. Baba, niache niushike mimi."

Dorsaf aliwafuata mpaka ukumbini. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni mwake: uweke chini, msimpe mtoto, uweke chini. Alihesabu hatua za Bwana Anis, nne, tatu, mbili. Alikuwa na muda. Hata baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakuwa na muda. Mguu wa Bwana Anis ulivuka kizingiti, mtungi ukatokea juani, na nyuma yake jikoni Baya akapiga mwayo mkubwa, akasema kwa sauti safi kabisa, "Mama, nina njaa. Kuna mkate?"

Dorsaf alifurahi. Furaha ilimjaa ghafla mpaka machozi yakamtoka, na akafumba mdomo wake, akaufumba kwa meno, akaegemea ukuta.

Nje mlango wa gari ulifunguliwa, na Lina akacheka, cheko la mtoto anayetekenywa vidole.

Bi Rim alirudi mlangoni peke yake. Aliona machozi ya Dorsaf, akayadhania mengine, akamkumbatia na kumbusu mashavu yote mawili. Munjia alikuwa amefika na Baya begani, mtoto anatafuna mkate. Bi Rim alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaweka mkono kifuani.

"Sina cha kuwalipa kwa siku ya leo," alisema. "Mungu awatendee nyinyi na watoto wenu vile vile mlivyotutendea sisi."